Askari si motokari: kambi ya Tatu kule Kibamba, 1965

Najua nimepotea, msinilaumu, ni tesiti juu ya asaimenti. Leo Jumapili nimebaki dakhalia peke yangu, mwenzangu wa chumba kenda kwao Makunduchi, Tunguu kimya utadhani mchana wa Ramadhani. Nikasema bora niandike hili kabla halijanitoka kichwani, maana limenikaa tokea Alkhamisi.

Asaimenti yenyewe ni ya Historia. Mwalimu katwambia tuchague vita vyovyote vya wenyewe kwa wenyewe, halafu tusiandike mapigano. Tuandike siku ya askari kambini: kaamka vipi, kala nini, kabeba nini, kalala wapi. Darasa zima tukatazamana. Sisi tokea skuli vita ni sababu, matukio na matokeo, nukta sita sita, unaweka kalamu chini unatoka. Nani alitufunza kuuliza askari alikula nini?

Nikachagua Kongo ya 1965. Sababu ya kwanza ni ya kijinga: Che Guevara. Picha yake tunaivaa kwenye fulana na tunaiona nyuma ya magari ya abiria, nikasema huyu angalau namjua sura. Sababu ya pili ni kwamba mwenyewe aliacha kumbukumbu ndefu za vita vile. Aliziandika Dar es Salaam, kajificha ndani ya ubalozi wa Cuba, mwisho wa 1965 na mwanzo wa 1966, baada ya kushindwa. Nasema kushindwa kwa sababu hata yeye hafichi, anaanza nalo. Kitabu kikakaa kabatini karibu miaka 30 kabla ya kuchapishwa.

Kwa wale waliosahau, au waliokuwa wamelala nyuma ya darasa (najua mpo): Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Lumumba akauawa Januari 1961, na kufikia 1964 sehemu kubwa ya nchi ilikuwa mikononi mwa waasi walioitwa Simba. Novemba 1964 makomandoo wa Kibelgiji wakashushwa kwa ndege za Marekani, waasi wakaupoteza Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Serikali ya Tshombe ikawa na mamluki wa kizungu chini ya Mike Hoare. Waasi wakabakiwa na vipande vipande, na kimoja kilikuwa milima ya Fizi na Baraka, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa pili wa Kigoma yetu.

Huko ndiko alikokwenda Che. Aliingia Dar es Salaam Aprili 1965 kwa jina la uongo, akavuka ziwa usiku kutoka Kigoma, na tarehe 24 Aprili akashuka pwani ya Kibamba na wenzake 13. Wakuba wengine wakafuata mpaka wakazidi mia moja, wengi wao weusi, walichaguliwa hivyo makusudi ili wasionekane wageni. Kabla hawajaondoka Dar walichukua kamusi ya Kiswahili wakapeana majina kwa kuhesabu. Víctor Dreke akawa Moja. Aliyemfuata akawa Mbili. Che akawa Tatu. Daktari wao akawa Kumi.

Hapa nilicheka peke yangu maktaba mpaka watu wakageuka. Mpiganaji maarufu kuliko wote duniani, kambini anaitwa jina la shangazi yangu. Bi Tatu! Wakongo nao mwanzoni wengi hawakujua ni nani, waliambiwa ni daktari anayejua Kifaransa, basi. Hebu fikiria, dunia nzima inauliza Che kapotelea wapi, kumbe Tatu yuko mlimani anatibu homa.

Sasa kambi yenyewe. Kibamba ni ufukwe chini ya mlima. Silaha na chakula vilikuja kwa boti usiku, vikashushwa na kurundikwa mchangani bila mpango, risasi juu ya chakula, chakula juu ya risasi. Kambi kuu ilikuwa juu, mahala walipopaita Luluabourg, na kupanda kwake ni saa kadhaa kwa miguu, njia mbaya, na ikinyesha ndiyo usiseme. Kila kitu kilichotakiwa juu lazima kitoke chini. Shikeni hilo, nitalirudia.

Nilidhani maisha ya msituni ni mapigano kila siku. Wapi! Ni kungoja. Wanangoja boti. Wanangoja amri. Wanangoja mkubwa aje. Laurent Kabila ndiye aliyekuwa mkuu wa eneo lile, lakini muda mwingi hayupo. Msaidizi wake pale ziwani, Léonard Mitoudidi, ambaye Che alimpenda kwa uchapakazi, alianguka majini akazama ziwani tarehe 7 Juni. Kabila mwenyewe alifika Kibamba tarehe 7 Julai, akakaa siku chache, watu wakachangamka, hata kazi zikaanza kwenda, kisha akaondoka. Wakubwa wengine nao safari za Kigoma haziwaishi, na Kigoma kulikuwa na baa na wanawake, na askari waliobaki mlimani wanajua wote. Ukitaka kuua ari ya kambi sina uhakika kama kuna njia fupi kuliko hiyo.

Kungoja kwenyewe ni na homa. Che alipata malaria siku za mwanzo tu, na pumu yake juu. Karibu kila Mkuba aliugua, wengine mara kadhaa, na kuharisha ndiyo kulikuwa chakula cha kila siku, samahani kwa mnaokula. Kumi na madaktari wenzake waliwatibu askari na wanakijiji pamoja, wanakijiji wanashuka kutoka vilimani na watoto mgongoni. Nahisi hiyo ndiyo kazi pekee kambini iliyokuwa haingoji mtu.

Chakula kilikuwa bukari, yaani ugali wa muhogo, sisi tungesema bada. Maharage yakiwepo. Nyama ikipatikana porini. Chumvi ikiadimika inakuwa habari ya kambi. Vingi vilitoka kwa wakulima wa huko, ambao nao hawakuwa nacho. Na pombe ya mahindi na muhogo, ambayo Che anailalamikia sana kwa sababu mlevi mwenye bunduki ni hatari kwa wenzake kuliko kwa adui.

Tatu hapendi watu wakae bure. Akaanzisha masomo kambini kwa Wakuba wenzake: Kifaransa, Kiswahili, elimu ya jumla. Hapo nikajisikia nyumbani kidogo. Mimi nalalamika darasa la watoto wengi na chaki moja, mwenzangu anafundisha wanafunzi wenye homa, juu ya mlima, ndege za adui zinapita.

Kuna mambo mawili ya kambini niliyosita kama niyaandike, maana ni yale ambayo wageni wakiyasoma wanapata la kutucheka. La kwanza ni mahandaki. Wapiganaji wengi hawakutaka kukaa katika shimo walilolichimba wenyewe. Che anaita imani za kishirikina. Mimi naona mtu yeyote aliyewahi kusimama makaburini anaelewa shimo la urefu wa mtu ni la nini.

La pili ni dawa. Kabla ya mapigano mganga anammwagia askari maji yenye majani na mambo yake ya kiganga, anampaka alama ya mkaa kwenye paji la uso, na risasi haitamdhuru. Masharti: usiguse mwanamke, usichukue kisicho chako, usiogope. Sisi tuliosoma Maji Maji ya 1905 tunaijua hadithi hii vizuri, tumeiandikia nukta zake. Che kaona akili yake ilipo: dawa haiwezi kukosea. Ukipigwa risasi ni wewe uliyevunja sharti, na la tatu hakuna asiyelivunja. Na aliyekufa harudi kuja kubisha. Lakini naye hakuthubutu kuipiga marufuku, kwa sababu bila dawa watu hawaendi.

Mapigano makubwa ya mwanzo yalikuwa mwisho wa Juni, kwenye kituo cha umeme wa maji cha Bendera, ambako Wakuba walikuita Front de Force. Nimekatazwa mapigano, kwa hiyo nasema mawili tu. Yalikwenda vibaya, Wakuba wanne walikufa. Na mmoja wa waliokufa alikuwa na shajara mfukoni. Ndiyo iliyowafahamisha maadui kwamba kuna Wakuba Kongo. Jamani! Mtu aliandika siku zake kama hivi ninavyoandika mie, pengine chakula na homa na habari za safari, na daftari likaangusha siri ya nchi mbili. Nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Basi, tuje kwenye mzigo.

Nimesema kila kitu kinatoka ziwani kwenda juu. Sasa nani abebe? Che akaona jibu ni rahisi, askari wabebe. Yeye anabeba mzigo wake, Wakuba wanabeba, kwa hiyo kila mtu abebe. Wapiganaji wa Kikongo wakakataa. Walisema, kwa kile Kiswahili chao cha "mimi hapana", kwamba wao si motokari. Baadaye, walipozidi kusukumwa, wakaongeza kwamba wao si Wakuba. Che anakasirika kwelikweli. Kwake askari asiyebeba chakula chake mwenyewe si askari, ni mvivu aliyevaa sare anayemnyonya mkulima. Na kweli anayeishia kubeba ni mkulima.

Mie nilivyosoma nilicheka, nikaandika kwenye rasimu yangu "wapiganaji wa Kongo walikuwa wavivu na hawakuwa na nidhamu". Nukta ya tatu. Nikaendelea.

Usiku sikulala vizuri, na sababu yake ni babu yangu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mchukuzi gatini Malindi. Magunia ya karafuu, ya mchele, saruji, kila kilichoshuka na kilichopanda. Nyuma ya shingo alikuwa na sugu kubwa ngumu, tukiwa wadogo tukiigusa naye anatuachia. Alikuwa mtu wa kazi, hata uzeeni hakai. Lakini kitu kimoja hakukistahamili: akiniona nina ndoo ya maji kichwani hasemi neno, anakuja, ananitua, anaiweka chini, kisha tunaishika mkono wake huku wangu huku mpaka nyumbani. Maji yanamwagika nusu njiani. Bibi analalamika. Yeye hajali. Nikamuuliza mara moja kwa nini, akanijibu kwamba yeye kashabeba ya ukoo mzima, inatosha.

Sasa mwambie huyo ni mvivu.

Nikarudi kwenye kitabu na swali jengine ambalo sikuliuliza mwanzo: kwa nini watu wa Fizi wanakataa mzigo kwa Kiswahili? Kwa nini iko Kiswahili kule hata kidogo, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka bahari hii?

Jibu liko mjini, Shangani. Mnaijua nyumba ya Tippu Tip, wageni wanapiga picha mlango wake. Hamed bin Muhammad el-Murjebi alizaliwa Unguja akafia Unguja mwaka 1905, na katikati alikuwa na himaya nzima mashariki ya Kongo. Februari 1887 hapa hapa Unguja alitia saini mkataba na Stanley wa kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ndiyo ule mji ulioitwa Stanleyville baadaye. Misafara yake na ya wenzake ilipita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa lile lile aliloliruka Tatu usiku. Ilirudi na pembe za ndovu, na pembe hazitembei. Zilibebwa na wapagazi wa kulipwa, na zilibebwa na watu waliokamatwa. Lugha ya msafara ndiyo iliyobaki huko. Sisi tunajivuna kwamba Kiswahili kimefika mpaka Kongo. Kilifika kinatembea nyuma ya mzigo.

Na baada ya misafara wakaja wa Leopold, wakabebesha watu kwa nguvu. Vita vya 1914 mpaka 1918 vikaja, Wabelgiji wakaingia Tanganyika mpaka Tabora mwaka 1916, na chakula na risasi za jeshi lile zilikwenda kwa vichwa vya Wakongo, ambao wengi hawakurudi kwao. Kisha ukoloni wenyewe na kazi zake za lazima. Kijana wa miaka 20 aliyesimama Kibamba mwaka 1965 na bunduki begani, babu yake hasa ndiye aliyebeba 1916. Babu wa babu yake alibeba pembe kuja kwetu. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo kushika bunduki badala ya mzigo, halafu anakuja mtu mweupe, hata kama ni mwema, hata kama ana homa, anamwambia haya bwana, jitwishe tupande.

Hii ni fikra yangu, haimo kitabuni, na Tatu haandiki hivyo. Anaandika alichokiona: magunia yako chini na wanaume wazima wamekaa.

Mwenzangu wa chumba nilimsomea kabla hajaondoka, akanikatalia palepale. Kasema, wewe, na wale Wakuba weusi? Mababu zao si walipakiwa merikebuni kutoka Afrika hii hii, wakakata miwa Cuba mpaka wakafa? Na wao walibeba, tena kimya, kwa ajili ya Kongo ambayo hata si kwao. Kwa hiyo historia ya babu isiwe kisingizio. Akaongeza kwamba kambi bila chakula juu itakufa, uwe na sababu nzuri au mbaya.

Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina la kumtosha. Nimemwambia tu kwamba Mkuba aliyebeba alikuwa mtu wa kujitolea, anajua atarudi kwao, na kule nyumbani vita vyake kashavishinda. Mkongo alikuwa hajaonyeshwa bado kwamba mzigo huu ni wake. Wakubwa wako Kigoma. Mzigo wa nani? Kasema, "Hilo liandike, lakini lile neno wavivu usilifute ukasahau kwamba na njaa ilikuwepo." Sawa.

Mwisho wake mnaujua. Oktoba 1965 Tshombe akaondolewa serikalini, nchi za Afrika zikaanza kuona mambo yametulia, na mwanzoni mwa Novemba Tanzania ikawaomba Wakuba wasimamishe msaada wao. Mamluki wanasogea. Tarehe 21 Novemba Wakuba wakavuka ziwa kurudi Kigoma, wakiwa wamepoteza watu sita. Boti hazikutosha kila mtu. Wakongo waliobaki ufukweni waliomba wachukuliwe nao, na Che anaandika tukio lile kwa aibu ambayo huipati kwenye fulana. Siku tatu baadaye Mobutu akachukua nchi, akakaa nayo mpaka 1997, alipotolewa na nani? Kabila yule yule.

Kitu kimoja kimenigusa mwisho wa kitabu. Anajihukumu mwenyewe, na mojawapo ya makosa anayoyataja ni kwamba hakujifunza Kiswahili haraka wala vizuri vya kutosha. Kifaransa kilimfikisha kwa wakubwa, lakini kikamweka mbali na askari wa kawaida. Yaani miezi saba kambini, na wale walioketi kando ya magunia hakuweza kukaa nao akawauliza kwa lugha yao kwa nini hawanyanyuki. Ndiyo maana na mimi naandika kwa kukisia. Wao hawakuacha daftari.

Na mwalimu alikuwa naye! Freddy Ilanga, kijana wa Kikongo wa miaka 16, ndiye aliyepewa kazi ya kumfundisha Tatu Kiswahili na kumfasiria. Miaka 16, wadau, umri wa kidato cha tatu, bila andalio la somo, bila ubao, mwanafunzi wake ana miaka 37 na haraka zake. Baada ya vita Freddy akaishia Cuba, akasoma udaktari, akawa daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto, na akakaa miaka mingi mno bila kusikia habari za kwao. Alifariki mwaka 2005.

Ningepata nafasi ya kumuuliza neno moja, ningemuuliza somo la kwanza alianzia wapi. Sisi tunaanza na maamkizi, halafu namba. Namba huyu mwanafunzi alikuwa anazijua kidogo, angalau mpaka tatu.

Haya, naenda kuteka maji kabla foleni haijawa ndefu. Asaimenti ni kesho saa mbili, na nukta ya tatu bado iko wazi.